Kata klipu za laivu kwenye laptopu bila kurenda upya na bila kuua ubora

Baada ya kila harusi tunayorusha laivu, nyaya hazijakunjwa simu zishaanza kuita. Shangazi yuko Muscat anataka ile sehemu ya kufunga ndoa tu, kaka mtu anataka kipande cha kuweka status, mama mzazi yeye anataka dua ya mwisho aisikilize kila akiamka. Hakuna anayetaka masaa matatu mazima na wana haki, nani atakaa kutafuta sekunde 40 ndani ya masaa matatu kwa bando la kununua?

Sasa wengi nawaona wanaifungua ile laivu YouTube, wanairekodi kwenye skrini ya simu, wanaikata kwa apu, wanaituma WhatsApp. Hapo video ishagandamizwa upya mara tatu nne, sura ya bi harusi imekuwa ukungu na sauti ya sheikh kama anaongelea ndani ya pipa. Inaniuma kweli, maana siku ile haijirudii, na kazi yenyewe kwenye kompyuta ni dakika kumi hata kama laptopu yako ina RAM ya giga 4. Ninachotaka ushike ni hiki: kata kwanza bila kurenda (yaani bila kompyuta kuitengeneza video upya), halafu renda pale tu inapolazimu.

Tuanze na faili lenyewe. Kama unarusha kwa OBS Studio (programu ya kurushia laivu, ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux) inaweza kurusha na kurekodi kwa pamoja, kwa hiyo ukibonyeza cha kurusha bonyeza na cha kurekodi, usitegemee utakuja kudaunlodi baadaye. Na rekodi iwe faili la aina ya MKV, sio MP4 ya kawaida. MP4 ya kawaida inaandika orodha ya yaliyomo ndani yake mwishoni kabisa ukistopu, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unabaki na faili la giga mbili lisilofunguka, wakati MKV ikikatikia njiani unapoteza sekunde za mwisho tu. Hili la MP4 lilinikuta ukumbini, betri ya laptopu imechoka, umeme ukaondoka wakati keki inakatwa, na ile familia mpaka leo haina video ya siku yao, nikikutana nao naona haya. Ukimaliza kurekodi nenda File kisha Remux Recordings hapo hapo ndani ya OBS, weka faili lako, inakugeuzia kuwa MP4 ndani ya muda mfupi na ubora haupungui hata kidogo kwa sababu inahamisha tu video kutoka boksi moja kwenda lingine.

Hukurekodi? Basi laivu ya YouTube isiyofika masaa 12 inabaki yenyewe kwenye chaneli, ingia YouTube Studio ya chaneli yako udaunlodi, ila utapewa ubora wa 720 au 360, zaidi ya hapo hakuna. Ikiwa chaneli ni ya mtu mwingine muombe mwenyewe akutumie, faili lake litakuwa zuri kuliko lako na kazi ni yake.

Programu ya kukatia ni LosslessCut. Kwenye GitHub (tovuti ya kuhifadhia programu) unaipata bure, kwenye maduka ya Microsoft na Apple inauzwa, chagua mwenyewe. Ifungue, kokota faili uliachie katikati, bonyeza spesi ianze kucheza. Ukifika unapotaka klipu ianze bonyeza I, ukifika mwisho bonyeza O, umemaliza kipande cha kwanza. Ukitaka kipande kingine bonyeza alama ya kujumlisha, sogea mbele, tena I tena O, hivyo hivyo mpaka akidi, maulidi, keki na dua zote umezishika, kisha bonyeza E inakutolea zote. Mishale ya kibodi inakusogeza kidogo kidogo, nukta na mkato zinakusogeza picha moja moja. Faili la masaa matatu linakatwa kwa sekunde chache, mpaka utadhani haijafanya kitu, lakini imefanya, klipu ziko kwenye folda ile ile ya faili mama.

Lakini kuna jambo linawachanganya watu hapa. Unaweka I pale pale sheikh anapoanza kusema, unaifungua klipu unakuta imeanza sekunde moja au mbili nyuma, unaanza kulaumu programu. Iko hivi, video ya laivu haihifadhi kila picha ikiwa nzima, inahifadhi picha moja kamili halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, mpaka ifike picha nyingine kamili. Ukikata bila kurenda lazima uanzie kwenye picha kamili, kwa sababu ukianzia katikati kompyuta haina cha kujengea. Ndo maana programu inarudi nyuma mpaka kwenye picha kamili iliyo karibu. Pale chini kuna vitufe vyenye alama ya ufunguo, hivyo vinakurusha kutoka picha kamili hadi nyingine, vitumie kuchagua mwanzo wako na hutashangazwa tena. Na kabla ya kurusha, kwenye seti za OBS weka Keyframe Interval (umbali kati ya picha kamili moja na nyingine) iwe sekunde 2, ndiyo YouTube wenyewe wanayopendekeza, basi hutakosea kwa zaidi ya sekunde mbili popote utakapokata.

Na hizo sekunde mbili za nyuma mara nyingi ni baraka. Kwenye akidi kuna ule ukimya kabla bwana harusi hajajibu, mikono imeshikana, watu wote wamenyamaza, hata watoto. Usiukate! Klipu inayoanzia kwenye neno "nimekubali" haina uzito wowote, inayoanza sekunde tano kabla inamfanya shangazi wa Muscat naye abane pumzi kama yuko pale msikitini. Mwisho vile vile, acha watu waitikie, acha sauti itulie, ndo ukate. Mimi nafumba macho nasikiliza, nakata pale sikio linapotulia, picha nakuja kuihakiki baadaye. Kwa mawaidha na hutuba ndo uwe makini zaidi, usimkatie mtu sentensi yake njiani, maana anayesema "wapo wanaosema hivi" halafu akajibu, ukikata kabla ya jibu umemsemesha asichokisema na klipu inatembea kuliko wewe utakavyoweza kuikimbiza.

Kama klipu imekaa sawa hapo, ishia hapo, tuma. Usiende hatua inayofuata kwa sababu tu programu ipo.

Utaihitaji Shotcut (programu ya kuhariri video, bure nayo) ukiwa na kitu cha kurekebisha: kuunganisha vipande kwa mpito laini, kurekebisha sauti, kuweka maandishi, au kuisimamisha wima. Usiifungulie faili la masaa matatu, ifungulie zile klipu ndogo ulizokwisha kata, laptopu itakushukuru. Kokota klipu kwenye taimulaini, S inagawa pale ulipo, X inafuta kipande na kuvuta vinavyofuata kuziba pengo, Z inafuta na kuacha pengo, Ctrl na Z inarudisha ukikosea. Ikiwa umechanganya na video ya simu itakuuliza kama uigeuze iwe rahisi kuhariri, kubali, simu nyingi zinarekodi idadi ya picha kwa sekunde isiyotulia na ndo chanzo cha midomo kupishana na sauti.

Sauti ndiyo inayostahili muda wako. Laivu za kumbi maiki moja inapiga kelele, nyingine inanong'ona. Chagua klipu, fungua Filters, upande wa sauti weka Normalize: Two Pass, inayosawazisha ukubwa wa sauti, lengo lipeleke karibu na -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), bonyeza Analyze uisubiri imalize. Halafu kwenye kona za juu za klipu kuna viduara vidogo, vivute kidogo ndani upate kuingia na kutoka taratibu, nusu sekunde inatosha.

Kusimamisha wima, hapa fikiria kabla. Video ya laivu ya Full HD ina vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ukiifanya wima ya kujaza skrini ya simu unabakiza kama 608 tu kati ya zile 1920, chini ya theluthi moja. Maana yake bwana na bibi wakiwa wamekaa mbali mbali kwenye jukwaa mmoja anaondoka! Mzungumzaji mmoja kwenye mimbari inafaa sana, watu wawili iache ilale, au ikate mraba. Ukiamua wima, Settings, Video Mode, chagua Vertical HD, kisha filta ya Size, Position & Rotate uikuze na kuisogeza mpaka uso ukae katikati, juu kidogo.

Kutoa bonyeza Export, ile ya Default ni MP4 ya H.264, inachezwa na karibu kila simu. Shorts za YouTube zinaruhusu mpaka dakika 3 tangu Oktoba 2024, ila kwa status kata fupi zaidi, watu wanaipita haraka.

Kabla hujaposti popote, uliza. Upande wa wanawake hasa, watu wamevua mabuibui, wamesuka, wamejiremba wakijua wako wenyewe kwa wenyewe. Laivu ya familia yenye linki ya siri sio ruhusa ya kumwaga mtandaoni. Mimi klipu za chumba cha bi harusi namkabidhi mama yake kwenye flashi, hazipiti kwangu tena.

Kwa ya kutuma WhatsApp, usiitume kama video ya kawaida maana itabanwa tena na kazi yote imepotea, itume kama dokumenti. Kwa bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) ya kilobiti 2500 dakika moja ni kama MB 20 tu, na dokumenti inapokea mpaka giga 2, kwa hiyo akidi nzima inaenda bila shida. Icheze kwanza kwenye simu yako kwa spika ya simu, bila hedifoni, kwa sababu shangazi ataisikiliza hivyo hivyo akiwa jikoni.