Kadi ya zawadi imekataa: jinsi ya kudai ukiwa Kigoma

Wateja wa kadi za zawadi nawatambua kabla hawajasema neno. Hawaji kutoa kopi wala kupiga picha za pasipoti. Wanasubiri wenzao wapungue pale steshenari, Mwanga, kisha wanasogea kaunta na kunionyesha simu: picha ya kadi ya duka kubwa la mtandaoni la Marekani, dola 25 au 50, na chini yake ujumbe wa ndugu, "Ingiza hiyo, ununue unachotaka." Wameingiza. Imekataa.

Kigoma tuna ndugu wengi huko. Wapo waliopita kambi ya Nyarugusu wakahamishiwa Marekani, wapo walioenda kusoma wakabaki. Kutuma kadi ni rahisi kuliko kutuma kifurushi, kwa hiyo sikukuu zikikaribia kadi zinakuja. Ikigoma, huku hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi. Dai linafanyika kwa maandishi.

Kabla ya hatua yoyote, jua hili, maana lilinipotezea wiki nzima mara ya kwanza: mbele ya duka, mwenye dai ni aliyenunua kadi. Risiti anayo yeye, benki iliyolipa ni yake. Wewe uliyepewa unaweza kuandika barua kumi ukajibiwa kwa adabu mara kumi, na pesa isitoke. Kwa hiyo kazi yako ni kukusanya na kupanga. Wa kuwasilisha ni ndugu yako, au muwasilishe pamoja, yeye akiwa ndani ya akaunti yake.

Anza kwa kusoma kadi ilivyokataa

Watu husema "imekataa" kana kwamba kukataa ni kwa namna moja. Soma maneno yaliyotokea kwenye kioo, uyapige skrinishoti. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mpe kijana wa sekondari akusomee neno kwa neno.

Ikisema namba si sahihi, huenda kosa ni la macho. Tunaiita namba, lakini ndani yake mna herufi, na 8 hufanana na B, 5 na S, 0 na O. Waliozoea vocha za kukwangua wanajua balaa la wembe: unakwangua kwa nguvu na tarakimu mbili zinaondoka na rangi. Usibahatishe mara nyingi. Baada ya majaribio kadhaa mtambo unakuona mwizi na kukufungia. Geuza kadi utafute namba ya mfululizo, ile isiyofunikwa. Hiyo ndiyo duka litaitumia kuitambua kadi iliyokwaruzika.

Ikisema kadi haijawashwa, hapo ndipo inapoachana na vocha. Kadi inayoning'inia supamaketi haina kitu ndani yake. Pesa inaingia pale keshia anapoipitisha kwenye mashine na mteja akalipa. Mashine ikiteleza, mteja anaondoka na plastiki tupu na risiti ya kweli. Kwa tatizo hili usianze na duka la mtandaoni. Ndugu arudi supamaketi aliyonunulia, na kadi na risiti mkononi, amuombe msimamizi aangalie kama uwashaji ulipita. Ikishindikana hapo, aombe maelezo kwa maandishi, ndipo muende juu.

Ikisema kadi ni ya nchi nyingine, hakuna aliyekosea ila aliyechagua. Maduka haya yana tawi la mtandaoni kwa kila nchi, na salio halivuki mpaka. Mfano Amazon: kadi ya Amazon.com ya Marekani haiingii Amazon.co.uk ya Uingereza. Fungua tovuti ya nchi iliyoandikwa kwenye kadi, ujaribu huko. Na ukisoma masharti ya kadi zao za Marekani ukakutana na jina ACI Gift Cards LLC, usidhani umetapeliwa. Hiyo ndiyo kampuni inayozitoa.

Ikisema imeshatumika, vuta pumzi kwanza. Mama mmoja wa Ujiji alikuja amefura, anataka tuandike barua ya ukali kwa Wamarekani. Nikamuuliza kadi ilimfikiaje. Kumbe mwanawe aliituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nikapandisha mazungumzo. Chini ya picha kulikuwa na makofi ya pongezi kutoka kwa shangazi, wajomba na watu ambao hata mama hakuwakumbuka, halafu sauti ya sekunde nne ya kijana wa Kasulu: "Asante sana, bamdogo." Alidhani ni ya kwake. Barua ya ukali ikaishia hapo. Kijana alirudisha kidogo kidogo kwa simu.

Lakini kama picha haikupita mikononi mwa watu, huo unaweza kuwa wizi wa dukani. Wezi hunakili namba kadi ikiwa bado inaning'inia, hufunika upya kwa stika, kisha husubiri mnunuzi aiwashe. Dalili ni ufunikaji uliopinda, gundi, au pakiti iliyofunguliwa. Piga picha dalili hizo kwa ukaribu.

Ushahidi, na tarehe zao za kinyumenyume

Mwambie ndugu akutumie wewe peke yako: picha ya kadi mbele, picha ya nyuma, risiti yote kuanzia jina la duka hadi mstari wa mwisho, na sehemu ya taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Kama alinunua mtandaoni, barua pepe ya uthibitisho ndiyo risiti. Risiti nyingi za kaunta ni karatasi ya joto, zinafifia zikikaa kwenye dashibodi ya gari au mfuko wa suruali. Picha ipigwe siku ile ile. Plastiki yenyewe isitupwe, hata kama namba mnayo.

Kisha angalia tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. Risiti iliyoandikwa 04/05 ni ya tarehe 5 Aprili. Ukiiandika kwenye dai kuwa ni 4 Mei, anayekagua anaona maelezo yanapishana na risiti, na dai linakaa. Andika jina la mwezi kwa herufi, usiache nafasi ya kubishania.

Kuwasilisha

Ingia kwa kupitia tovuti au programu yenyewe ya duka, ufuate sehemu ya msaada mpaka kwenye kuchati na huduma kwa wateja. Usitafute namba ya simu kwa kuperuzi. Mimi niliwahi kuipata moja hivyo, imeandikwa vizuri kabisa. Aliyepokea akaniomba niweke programu ya kuona simu yangu "ili anisaidie". Nilikata alipotaja M-Pesa. Duka la Marekani lina haja gani na M-Pesa yangu?

Panga muda. Kuchati kunaweza kupatikana usiku na mchana, lakini msimamizi wa supamaketi na mtu wa benki wana saa zao. Saa tatu asubuhi ya Seattle, kwetu ni saa moja jioni wakiwa kwenye majira ya joto, na saa mbili usiku wakiwa kwenye baridi. Pwani ya mashariki, kama New York, iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 tu. Chaji simu, weka kifurushi cha kutosha. Mazungumzo yakikatika katikati unaanza upya na mtu mwingine.

Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, ndipo utafsiriwe. Sentensi fupi hazipotei kwenye tafsiri. Ninayoitumia inakwenda hivi:

"Nilinunua kadi ya zawadi ya dola 50 tarehe 5 Aprili, kwenye duka lililotajwa kwenye risiti. Namba ya mfululizo ni hii. Mpokeaji aliingiza namba ya siri tarehe 9 Aprili, akajibiwa kuwa kadi imeshatumika. Mimi na yeye hatukuitumia. Nimeambatisha risiti na picha za kadi, mbele na nyuma. Naomba mthibitishe mambo mawili: kadi iliwashwa lini, na iliingizwa kwenye akaunti lini. Naomba kadi mbadala au kurudishiwa pesa. Naomba pia namba ya dai hili."

Angalia kilichokosekana: hakuna hadithi ya sikukuu, hakuna mama mgonjwa, hakuna matusi. Watu wetu hupenda kuanza na salamu na historia, na mimi ni hivyo hivyo, lakini anayesoma ana madai mengi mbele yake na anatafuta namba. Swali la kadi iliingizwa lini ndilo lenye nguvu. Jina la mwenye akaunti hawatakupa, ila wakithibitisha kuwa iliingizwa siku ambayo wewe hujaipata bado, hoja yako imesimama.

Namba ya dai uiandike kwenye daftari, na jina alilojitambulisha nalo mhudumu, na siku waliyosema watajibu. Siku hiyo ikipita, rudi na namba ile ile. Usifungue dai jipya, maana madai mawili ya kadi moja huchanganya faili. Wakikuzungusha, omba kwa upole kuhamishiwa kwa msimamizi. Wakisema kadi imeisha muda, waulize ilinunuliwa lini: sheria ya Marekani ya mwaka 2009 hairuhusu pesa ya kadi ya zawadi kuisha kabla ya miaka 5.

Benki iwe ya mwisho. Ndugu aliyelipa kwa kadi ya benki anaweza kuupinga muamala, ila afanye hivyo duka likishakataa kwa maandishi, na asichelewe, kwa sababu benki zina ukomo wa siku. Akipinga mapema, duka linaweza kuishuku akaunti na kuifunga, mkawa na matatizo mawili.

Akaunti ikifungwa kadi ikiwa ndani

Hili huwapata wa huku zaidi: akaunti mpya, kadi ya Marekani, mtu anaingia kutoka Kigoma. Mtambo unashtuka. Wataomba kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Tatizo la kwanza ni majina. Akaunti uliifungua kama Mama fulani, na kitambulisho cha NIDA kina majina matatu ambayo hata majirani hawayajui. Eleza tofauti hiyo mapema, kwa mstari mmoja. Kwa anwani, taarifa ya benki yenye jina lako ndiyo inayoeleweka zaidi kwao. Barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri inafaa kuisindikiza, ikiwa na tafsiri. Salio likishaingia kwenye akaunti kwa kawaida halihamishwi kwenda nyingine, kwa hiyo usifungue akaunti ya pili ukidhani utalifuata huko. Pigania hiyo hiyo.

Kama ni wizi

Ndugu aripoti kwa FTC, tume ya shirikisho ya biashara ya Marekani, kwenye reportfraud.ftc.gov. Haitamrudishia pesa yeye binafsi, lakini ripoti ni karatasi ya kuambatisha kwenye dai. Kama aliyekuchukulia namba yuko hapa nchini, nenda polisi ukafungue jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli uliotumwa kwa simu utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Na yule anayekupigia akisema ni wa mamlaka fulani, au wa duka lenyewe, akitaka ulipe deni au faini kwa kadi za zawadi, huyo hana haja ya uchunguzi. Ni tapeli.

Namba mpya ikija, usiipeleke kokote. Iingize pale pale, wewe mwenyewe, kwenye akaunti utakayotumia, upige skrinishoti ya salio. Ndipo uliambie kundi la ukoo.