Jinsi ya kusoma mwenyewe kadi ya kliniki ya mtoto wako, hatua kwa hatua

Wamama, na wababa mnaopeleka watoto kliniki (Mungu awabariki), ile kadi ni mali yenu na ule mchoro wa mistari iliyopinda mnaweza kuusoma wenyewe bila kusubiri nesi. Mimi niko kliniki ya watoto na kitu kinachoniuma ni mzazi anaambiwa "kilo saba", anakunja kadi anaitia kwenye pochi anaondoka, kumbe kadi imeanza kusema tangu mwezi juzi na hakuna aliyeisikiliza.

Hatua ya 1: hesabu umri sawasawa. Chati inataka miezi iliyotimia. Mtoto wa tarehe 20 Machi akija tarehe 10 Agosti ana miezi 4, wa tano bado hajaumaliza. Ukimwekea nukta kwenye 5 ataonekana mwepesi na wewe utatoka hapo na presha ya bure.

Hatua ya 2: apimwe bila nguo. Mvue sweta, kofia, na nepi pia, maana nepi iliyolowa inaongeza gramu za uongo. Kama ni mizani ya kuning'inia angalia mshale uko sifuri wakati kaptura ya mizani ishaning'inizwa ila mtoto bado hajaingia. Ukiona hauko sifuri sema, nesi hatakuchukia.

Hatua ya 3: weka nukta. Umri unausoma chini, kilo unazisoma pembeni, pale vinapokutana ndo nukta yako, alafu unaiunganisha na ya mwezi uliopita.

Hatua ya 4 ndo yenyewe, tulieni hapa. Usiangalie nukta moja, angalia mstari unaelekea wapi. Chukua mtoto wa kike: miezi 4 ana kilo 6.4, miezi 5 ana 6.9, miezi 6 yuko palepale 6.9, miezi 7 ana 7.0. Huyu bado yuko kwenye kijani kabisa, lile eneo la chati la uzito mzuri, na mtu akitupia jicho atakwambia mtoto wako mzima nenda nyumbani. Lakini mstari umelala. Miezi 4 alikuwa katikati ya chati, na watoto wa kike wa katikati wakifika miezi 7 wanakuwa kama kilo 7.6, kwa hiyo amepungukiwa zaidi ya nusu kilo kwa miezi miwili tu. Huyu nashughulika naye leo. Na kuna mwingine mdogo wa umbo tangu kuzaliwa, nukta zake ziko chini lakini kila mwezi zinapanda sambamba na mstari wa chati, huyo kwa uzito sina hofu naye, kwa hiyo tuache kumlinganisha na mtoto wa jirani mwenye mashavu.

Hatua ya 5: mstari ukilala tafuta sababu. Aliugua? Malaria, kuhara na kifua vinakula kilo haraka sana. Kama hakuugua nauliza chakula, na ukiangalia mtoto wa mfano wetu alisimama pale pale kwenye miezi 6, na huo ndo umri maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Kuanzia miezi 6 mpaka 8 anahitaji chakula mara 2 mpaka 3 kwa siku, kuanzia 9 mara 3 mpaka 4 na asusa katikati, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Alafu uji jamani! Uji wa kunywa kwa kikombe unajaza tumbo dogo maji, uwe mzito, ukiinamisha kijiko usitiririke. Weka karanga zilizosagwa laini, au dagaa wa unga, au yai, na kijiko cha mafuta. Kuchanganya mahindi, ulezi, mtama na ngano kwenye unga mmoja mimi sioni faida yake, zote ni nafaka, bora nafaka moja na dagaa wa kutosha.

Hatua ya 6: omba apimwe na urefu. Uzito peke yake hauonyeshi udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, na kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wengi wao ukiwaona wala huwezi kudhani. Chini ya miaka 2 anapimwa amelala, miguu imenyooshwa.

Hatua ya 7: mkono na miguu, hii unaweza kuifanya nyumbani. Utepe wa mkono, ule wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpeleke hospitali leo leo. 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano, mlete kliniki wiki hii. Alafu bonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu polepole, toa. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, usiangalie tena kadi wala kilo, kwa sababu maji ya uvimbe nayo yana uzito na yatakudanganya kwamba ameongezeka. Funga safari ya hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka.

Na kama mstari umelala tu bila dalili hizo, rekebisha chakula na mrudishe apimwe baada ya wiki mbili, mwezi mzima ni mrefu sana kwa mtoto wa umri huo.