Jinsi ya Kutengeneza Fuwele za Mrututu katika Maabara ya Shule

Katika kemia, chumvi hupatikana pale haidrojeni ya asidi inapoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na metali. Kwa hiyo mrututu, yaani salfeti ya shaba, ambao wakulima huutumia kuzuia ukungu, nao huitwa chumvi kama ile ya jikoni, ingawa ni sumu na haufai kuonjwa hata kidogo.

Vaa miwani ya kinga, kisha pasha moto, bila kuchemsha, sentimita za ujazo 25 za asidi ya salfuri iliyozimuliwa, yenye moli 1 (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa lita. Tia unga mweusi wa oksidi ya shaba kidogo kidogo huku ukikoroga. Vipande vya shaba yenyewe havifai, kwa kuwa asidi iliyozimuliwa haiiwezi shaba. Kwa hesabu, gramu 2 za oksidi zinatosha kuimaliza asidi hiyo, lakini ni vyema kupima gramu 2.5, ili unga kiasi ubaki chini bila kuyeyuka: oksidi iliyozidi utaichuja kwa urahisi, ilhali asidi iliyozidi ingepita kwenye karatasi ya chujio pamoja na chumvi na kuzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Chuja mchanganyiko ungali vuguvugu.

Kuvukiza ndiko kunakowashinda wengi, na sababu ni haraka tu. Pasha moto kimiminika cha buluu katika bakuli la kuvukizia, na mara kwa mara uchovye kijiti cha kioo, ukitoe na kukiacha kipoe. Fuwele ndogo zikijitokeza kwenye ncha yake, zima moto papo hapo. Ukiendelea hadi maji yaishe na moto ukazidi, utaambulia unga mweupe, kwa sababu rangi ya buluu hutegemea maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele, ambayo ni takribani asilimia 36 ya uzito wake.

Liache bakuli mahali pasipotikiswa kwa siku moja au mbili, kwani kupoa taratibu huzaa fuwele kubwa. Zikaushe kwa kuzibana kati ya karatasi za chujio. Kiwango cha juu kabisa ni gramu 6.2, nawe utapata pungufu, maana sehemu ya chumvi hubaki kwenye kimiminika.

Ukitaka kuona kazi ya maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele, pasha moto fuwele chache katika neli ya majaribio mpaka ziwe nyeupe, ziache zipoe, kisha dondoshea tone la maji: buluu hurudi mara moja na neli hupata joto. Kimiminika kilichobaki mkabidhi mwalimu wala usikimwage mtaroni, kwa kuwa shaba huua samaki.