Somo: Namna ya kuomba ngao ya nembo England, na nani ana haki nayo

Ndugu zetu wengi walio Uingereza siku hizi wanaulizia nembo za ukoo, na wengi wanaanzia pabaya. Wanaandika jina la ukoo mtandaoni, wanalipia picha yenye simba na upanga, wanaitundika sebuleni. Kwa sheria ya nembo ya England, ngao hupewa mtu fulani na kizazi chake. Jina peke yake halimpi mtu chochote.

Hatua ya 1: Chunguza nasaba. Kama unadai kurithi ngao, thibitisha kwa vyeti na vitabu vya kanisa kwamba umetoka, baba kwa baba, kwa mtu aliyetunukiwa. Kufanana majina hakuhesabiki.

Hatua ya 2: Kama huna ya kurithi, andika ombi la ngao mpya. Ofisi ni College of Arms, London, iliyoanzishwa na Mfalme Richard III mwaka 1484. Ombi huelekezwa kwa Earl Marshal, msimamizi mkuu wa mambo ya nembo, cheo cha urithi cha Duke wa Norfolk, pamoja na wasifu wako: elimu, kazi, utumishi kwa jamii. Ada ni maelfu ya pauni, hivyo jipange mapema.

Hatua ya 3: Kubalianeni mchoro. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kuna metali mbili, dhahabu na fedha (huchorwa njano na nyeupe), na rangi kama nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, ili ngao isomeke kwa mbali.

Tazameni ngao ya akina Shakespeare. Uwanja, yaani sehemu ya nyuma ya ngao, ni wa dhahabu, mkanda mweusi umeukata mshazari, na juu ya mkanda umelala mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Dhahabu, nyeusi, dhahabu: kanuni imetimia. Jina lililo kwenye rasimu za hati ya ngao za 1596 ni la baba, John, fundi wa glavu wa mji wa Stratford, na mwanawe William, yule mwandishi wa tamthilia, akarithi. Mwaka 1602 ofisa wa nembo Ralph Brooke alilalamika, pamoja na mengine, kwamba ngao hiyo inafanana mno na ya Lord Mauley. Wenzake walijibu kwamba mkuki unaitofautisha, na kwamba John alistahili ngao, kwa kuwa alikuwa ameshika uhakimu Stratford. Mpaka leo maofisa hulinganisha mchoro wako na ngao zote zilizomo daftarini kabla ya kuupitisha.

Hatua ya 4: Pokea hati. Huandikwa na kuchorwa kwa mkono kwenye ngozi ya ndama, ikatiwa mihuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Glasgow. Utaratibu ni huohuo?*
Hapana, ndugu yangu. Ukiwa Uskoti unamwomba Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo wa huko, mwenye daftari la nembo la tangu 1672. Huko ngao moja ina mwenyewe mmoja. Mdogo wake lazima asajili yake yenye alama ya kuitofautisha. Kutumia ngao bila idhini ni kosa la jinai, na mahakama ya Lyon ina mwendesha mashtaka wake.

*Je, huku England nikijichorea tu?*
Polisi hawatakufuata, lakini ukitumia ya mwingine unaweza kushtakiwa. Mwaka 1954 halmashauri ya jiji la Manchester ilishtaki ukumbi wa burudani uliotumia nembo yake, mbele ya mahakama ya nembo iliyokuwa haijakaa tangu karne ya 18, ikashinda.

*Shikamoo mwalimu. Mwanamke anaruhusiwa kuomba?*
Marahaba. Ndiyo, binti yangu, kwa sifa zake mwenyewe. Kwa desturi ya England nembo yake huchorwa kwenye umbo la almasi.

*Shule yetu iko Kenya. Tuandike London?*
Hapana. Kenya ina sheria yake ya nembo tangu 1968, na chombo chake cha kuzitoa. Anzeni kwa Mwanasheria Mkuu, Nairobi. Na tafadhali msichukue jogoo mwenye shoka; yule yumo tayari kwenye ngao ya taifa.