Namna ya Kuweka Daftari la Kujihoji Ukiwa Umevuka Miaka 50

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi niliyefundisha jiografia kwa miaka 31 hapa Lubumbashi sina sababu ya kuwapinga, ila nimejifunza kwa aibu kidogo kwamba kuyaona mengi na kuyakumbuka jinsi yalivyokuwa ni mambo mawili. Kwa muda mrefu niliwasimulia wanangu kwamba mwezi wa Desemba 2010, siku TP Mazembe, klabu yetu ya soka ya hapa Lubumbashi, ilipokutana na Internacional ya Brazili kule Abu Dhabi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, mimi nilijua tangu asubuhi kwamba tutashinda. Tulishinda kweli, mabao 2 kwa 0, na Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Miaka minane baadaye, nikitafuta risiti katika sanduku la bati, nilikuta ajenda yangu ya mwaka ule, na kwenye ukurasa wa tarehe 14 Desemba palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: “Leo tutafungwa matatu. Afadhali nisitazame.” Hayo matatu tulikuja kufungwa siku nne baadaye na Inter ya Milano, lakini hata mimi siwezi kujidai kwamba nilitabiri hilo.

Sikuwa nimewadanganya wanangu, kwa maana nilikuwa nikiamini kila neno nililolisema. Mwaka 1972, kabla ya Rais Richard Nixon wa Marekani kuzuru China na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi nchini Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Ziara zilipokwisha, wanafunzi wale waliombwa wakumbuke makadirio yao, na wengi walidhani kwamba mambo yaliyotokea walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule walioandika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Nasi wazee, ambao watu hutuita kwenye vikao vya familia kwa sababu “tuliyaona”, tunahitaji kitu cha kutusuta, na kitu hicho kwangu kimekuwa daftari.

Nunua daftari la kawaida la wanafunzi, lile tunaloliita kaye, wala usitafute la gharama, kwa kuwa daftari zuri sana humfanya mtu aandike maneno mazuri badala ya maneno ya kweli. Litumie kutoka pande mbili: mbele ni pa makadirio, na ukiligeuza juu chini na kulifungua kwa nyuma, pawe pa maswali. Andika kwa biki, si kwa penseli, na usifute kitu.

Upande wa mbele, andika tarehe, jambo unalolitarajia, sababu ya kulitarajia, uhakika wako kwa kipimo cha 0 hadi 10, na siku utakayorudi kulikagua. Ukurasa wa kulia uache wazi kwa ajili ya matokeo. Sababu ni ya lazima, kwa kuwa mara nyingi utakuta ulipata jibu sahihi kwa hoja mbovu, na bila kuiandika ungejisifu bure. Anza na mambo madogo yanayokuhusu wewe, wala usikimbilie siasa wala bei ya shaba: je, utamtembelea yule ndugu mgonjwa wiki hii kama ulivyoahidi, au utapata sababu? Je, mkwe akija kuomba mkopo, utakasirika, na utakasirika kwa kitu gani hasa? Mimi niliandika mara tano mfululizo kwamba Jumamosi nitaenda kumwona mwalimu mwenzangu aliyestaafu kule Ruashi, uhakika 9 kwa 10, na nilikwenda mara moja. Huo ni ujuzi juu ya nafsi yangu ambao hakuna rafiki aliyewahi kuniambia.

Mara moja kwa mwaka, jiandikie makadirio ya miaka 10: unachokipenda leo, unachokiogopa, watu unaowatembelea, na unavyodhani vitakuwa. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 68, wakaonyesha kwamba watu wa kila umri hukiri kuwa wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini hudhani kuwa miaka 10 ijayo haitawabadilisha sana. Kila mmoja anajiona amefika.

Kuhusu macho nitasema kwa ufupi. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na karatasi huanza kusogezwa mbali, hadi mtu aone kama mkono wake umekuwa mfupi. Mimi niliwalaumu wachapaji wa vitabu kwa miaka miwili mizima kabla ya kununua miwani. Andika kwa herufi kubwa, na andika asubuhi, kwa sababu jioni huwezi kutegemea umeme.

Upande wa nyuma ndio ninaoupenda zaidi. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, katika utafiti wao wa mwaka 2002, waliwauliza watu wanafahamu kiasi gani jinsi vitu vya kila siku, kama zipu au kitasa cha mlango, vinavyofanya kazi. Kisha wakawaomba waeleze hatua kwa hatua, na baada ya kujaribu, watu walijishusha alama wao wenyewe. Nawe fanya vivyo hivyo: chagua kitu unachokigusa kila siku, kieleze kwa maandishi kana kwamba unamwandikia mtoto wa miaka 10, na pale kalamu inaposimama, hapo ndipo swali lako lilipo.

Mimi sikuhitaji kuchagua. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi yetu, na mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, yaani jiko la bati lenye matobo (matundu), akimtazama mama yake akipepea makala, yaani makaa. Akaniuliza, “Nkambo, mbona matobo yako chini na moto uko juu?” Nikamjibu kwamba ni ili majivu yaanguke. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, “Basi mbona Mama anapepea kwenye matobo?” Nikamtuma maji.

Usiku ule niliandika swali lake nyuma ya daftari, na kesho yake nikaenda soko la Kenya, namaanisha komini yetu, yaani kata ya jiji, si nchi, kwa fundi anayekata mabati na kutengeneza mbabula. Hakuacha kugonga nyundo aliponijibu: “Mwalimu, moto unakula hewa. Ukiziba chini, unalala njaa. Na ukiuingiza chumbani, utakula na ya kwako.” Makala yanapowaka, hewa iliyopata joto hupanda, na hewa baridi huvutwa kupitia matobo kuchukua nafasi yake; majivu yakijaa, njia hiyo hufungwa na moto hufifia. Katika chumba kilichofungwa, makala hutoa pia gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, jambo nililokuwa nikilikataza nyumbani kila mwaka bila kuweza kulieleza. Kilichonichoma zaidi ni kwamba kupanda kwa hewa ya moto na kuja kwa hewa baridi ni somo la pepo, nililolichora ubaoni kwa miaka 31, mishale yote ikiwa mahali pake, bila hata mara moja kuiona mishale hiyo chini ya sufuria yangu ya bukari, yaani ugali. Kwa hiyo kila swali ukilijibu, rudi ujiulize kama jibu hukuwa nalo tayari mahali pengine.

Daftari likijaa, liweke katika sanduku la bati, kwa kuwa mchwa wa hapa kwetu hawaheshimu maandishi ya mtu, na kila baada ya miezi mitatu tenga saa moja ya kusoma na kujaza kurasa za kulia. Usimsomee mtu siku hiyo hiyo, maana utaanza kujitetea.

Yapo hata hivyo ambayo daftari haliwezi kukuonyesha, kwani nyani haoni kundule, na hapo huna budi kuwauliza walio wadogo kwako. Ukiwauliza, “Je, nina kasoro gani?” watakujibu kwa heshima kwamba huna, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumhukumu mzazi wake uso kwa uso. Uliza jambo linaloweza kuhesabiwa. Mimi nilimuuliza binti yangu mkubwa ni habari gani niliyoisimulia zaidi ya mara moja mwezi huu, naye akacheka hadi akaweka chini ungo wa sombe, yaani majani ya muhogo.

“Baba, ni ile ya Mazembe. Tena siku hizi unaongeza na ya ajenda.”

Nimeandika upande wa mbele kwamba sitaisimulia tena hadi Noeli. Uhakika: 4 kwa 10.