Somo: Kuandika historia ya mgonjwa katika uchanganuzi wa nafsi (tiba ya mazungumzo, "psychoanalysis")

Wengi mnaandika kikao kana kwamba ni mgonjwa peke yake aliyekuwa chumbani. Mlikuwa wawili, na hilo lionekane kwenye karatasi.

Hatua ya 1. Kikaoni, weka kalamu chini. Freud, daktari aliyeanzisha tiba hii, alishauri hivyo mwaka 1912: anayeandika huku akisikiliza huanza kuchagua mapema, na mengine yakampita. Andika jioni. Ndoto tu ndiyo isingoje. Ndoto mbili za Dora, binti aliyekuwa mgonjwa wake, Freud aliziandika mara baada ya kikao. Mengine aliyaandika kwa kumbukumbu, matibabu yalipokwisha kukatika.

Hatua ya 2. Ngoja matibabu yaishe ndipo uandike historia kamili.

Hatua ya 3. Mfiche mtu, ila uhusiano usiuguse. Hapa ndipo tunapoharibu. Katika kitabu cha 1895, Freud alisimulia habari za Katharina, msichana aliyekutana naye mlimani, akasema aliyejaribu kumwingilia usiku ni anko wake. Mwaka 1924 akaongeza tanbihi: alikuwa baba yake mzazi. Akakiri kwamba kubadili hilo si sawa na kuhamisha kisa kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Basi badilisha jina na mji. Baba abaki baba.

Hatua ya 4. Jiandike na wewe, hasa ulipokosea. Dora aliacha matibabu Desemba 31, 1900, na Freud akaandika wazi kwamba alichelewa kuona hisia ambazo binti yule alikuwa amezihamishia kwake. Kwangu mimi, kurasa hizo ndizo zenye mafunzo kuliko zote.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikishabadilisha jina, bado niombe ridhaa?
Jibu: Omba. Freud hakumwomba Dora; alingoja hadi 1905 akachapisha katika jarida la wataalamu. Leo hiyo haitoshi. Akikataa, daftari libaki kabatini.

Swali: Nimesahau maneno yake halisi. Naweza kuyaunda?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Andika "alisema kitu kama hiki", msomaji ajue.

Swali: Mteja wangu huongea Kiswahili, msimamizi anataka Kiingereza. Nifanyeje?
Jibu: Maneno yake yatangulie kama alivyoyatamka, tafsiri ifuate chini. Aliyesema "moyo wangu umeingia baridi" hakusema ana huzuni. Ukiandika "huzuni", hutakumbuka tena kumuuliza hiyo baridi iliingia lini.