Vipimo viandikwe chini ya picha
Wenzangu mnaouza vikapu, shanga za karatasi na mabegi ya lubugo (kitambaa cha gome la mti) huku Kampala, jamani andikeni vipimo kwa sentimita hapo hapo chini ya picha, upana na urefu, maana kikapu kwenye simu kinaonekana kama cha kuwekea nguo kumbe ni cha mayai, na mteja akikipokea ndo vurugu zinaanza. Picha piga nje asubuhi au jioni, flashi inaua kabisa rangi za rafia, zile nyuzi za kusukia vikapu. Lubugo ndo usiseme, inatoka kwenye gome la mti wa mutuba na kila kipande kina rangi yake na viraka vyake, kwa hiyo piga picha kile kile utakachotuma, siyo kile ulichouza mwaka jana. Bei weka wazi, hizi za "njoo inboksi" watu wanapita tu (hata mimi napita). Andika na hela ya boda kwa wa mjini, ya kutuma kwa basi kwa walioko Gulu au Mbarara, na nani anabeba makato ya kutoa pesa ya simu. Oda ya kusukwa chukua advansi kwanza.